Fedha za Wizi Zisizofuatwa: Kisa cha Killing Them Softly

Killing Them Softly ni filamu ya Marekani ya mwaka 2012 inayohusu fedha zilizoporwa kwenye mchezo wa karata na roho za watu zilizopotea kwa ajili ya fedha hizo. Iliandikwa na kuongozwa na Andrew Dominik, mzaliwa wa New Zealand aliyekulia Australia, na stelingi wake ni Brad Pitt. Mwezi Mei mwaka huo ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoshindania tuzo kuu ya tamasha la Cannes nchini Ufaransa, na wahakiki wengi waliisifu. Novemba 30 ikaanza kuonyeshwa katika kumbi za Marekani. Watazamaji wa siku ya kwanza walipoulizwa wanaipa alama gani, waliipa F.

F hiyo haikuwa hasira ya mtu mmoja. Kampuni ya CinemaScore imekuwa ikiwagawia watazamaji kadi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nao hujaza alama kuanzia A hadi F kama za shuleni. Anayekwenda kuona filamu siku inapofunguliwa kwa kawaida ni mtu aliyekuwa akiisubiri, kwa hiyo mkono wake huwa mwepesi wa kutoa. B huhesabiwa ya wastani, na C tayari ni habari mbaya kwa wenye filamu. F ni adimu. Imewahi kuangukia Solaris ya mwaka 2002, ikaangukia mother! ya mwaka 2017, na katikati yake The Box ya mwaka 2009, ambamo mume na mke wanaahidiwa dola milioni moja wakibonyeza kitufe kitakachomuua mtu wasiyemjua. Filamu mbovu kupindukia hazipati alama hiyo mara kwa mara, kwa sababu anayekwenda kuziona anajua anachokifuata. Wanaotoa F ni watu waliolipia kitu kimoja wakapewa kingine.

Kilicholipiwa hapa kinajulikana, maana hadithi ya kitita cha wizi ina kanuni zake za siku nyingi. Fedha hutoka mikononi mwa wenyewe, zikapita kwa mmoja hadi mwingine, na macho ya mtazamaji huzifuata kama yanavyofuata mpira uwanjani. Ni nani anazo sasa? Nani anajua kwamba anazo? Mwisho zitaishia wapi? Katika The Killing ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1956, fedha zilizoporwa kwenye uwanja wa mashindano ya farasi zinafika hadi uwanja wa ndege ndani ya sanduku bovu. Mbwa mdogo anakimbilia njiani, sanduku linaanguka na kufunguka, na upepo wa mapangaboi ya ndege unazitawanya noti zote usiku ule. Katika A Simple Plan ya mwaka 1998, ndugu wawili na rafiki yao wanakuta dola milioni 4.4 ndani ya ndege ndogo iliyoanguka kwenye theluji. Wanakubaliana mmoja azitunze mpaka majira ya kuchipua. Kufikia hapo mtazamaji hahitaji kuambiwa kuna hatari gani. Kila mmoja katika wale watatu anamtazama mwenzake kwa jicho jipya. Fedha zile zinaishia kuteketea motoni, na bado hakuna aliyetoka ukumbini akidai amedhulumiwa, kwa sababu alizifuata hadi majivu.

Dominik alizichukua kanuni hizo nusu, nusu nyingine akaiacha.

Hadithi yenyewe aliitoa katika Cogan's Trade, riwaya ya mwaka 1974 ya George V. Higgins. Higgins alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi ya mwendesha mashtaka wa serikali huko Massachusetts kabla ya kuvuma kwa uandishi, na sikio lake lilikuwa limezoea maneno ya wahalifu. Riwaya zake karibu zote ni mazungumzo. Mauaji hutokea kwa mistari michache, kisha watu hurudi kwenye maongezi yao: talaka, mifupa inayouma, bei ya gari, fulani aliyetoka jela wiki iliyopita. Msomaji anaokota kisa kutoka katika soga hizo kama anayesikiliza wageni wa meza ya pili kwenye baa. Riwaya imewekwa Boston. Filamu ilipigwa New Orleans, jiji ambalo wakati huo lilikuwa bado na mitaa yenye nyumba tupu tangu kimbunga Katrina cha mwaka 2005, na wakati wa kisa ukasogezwa hadi vuli ya 2008.

Kisa kinaanza na Johnny Amato, mfanyabiashara mdogo mwenye tamaa kubwa. Anajua kuna mahali watu wa genge hukutana kucheza karata kwa fedha taslimu, na msimamizi wake ni Markie Trattman, anayeigizwa na Ray Liotta. Mahali pa namna hiyo panamvutia mwizi kwa sababu iliyo wazi: walioibiwa hawawezi kupiga simu polisi. Lakini pana ulinzi mwingine mkali kuliko wa polisi, nao ni kujulikana kwamba atakayethubutu atauawa. Amato anaamini ameupata mwanya. Zamani Markie mwenyewe aliwahi kupanga wizi wa mchezo wake, akawatuma watu wawili waje kupora, akakana mbele ya waliomhoji, na mambo yalipotulia akajisahau kwenye maongezi akakiri huku akicheka. Walimsamehe, maana alikuwa mtu wa kupendeka. Sasa mchezo ukiporwa mara ya pili, kila kidole kitamwelekea yeye. Mwizi halisi atakuwa amekaa kwake akila mshiko wake.

Wanaotumwa ni Frankie, kijana aliyetoka gerezani juzi na asiye na kazi, na Russell, mraibu mchafu anayeishi kwa kuiba mbwa wa watu na kuwauza. Wanaingia wamevaa soksi za nailoni usoni na glavu za mpira za kuoshea vyombo mikononi, na bunduki yao imekatwa mtutu ukawa mfupi kupita kiasi. Tukio hili ndilo lililo bora kuliko yote katika filamu. Hakuna mbio wala makelele. Wacheza karata wameweka mikono juu ya meza, wamenyamaza, wanawaangalia vijana wawili wanaotetemeka kuliko wao. Markie anaongea kwa sauti ya upole, karibu ya huruma, kama mzee anayemsihi kijana asipande juu ya paa bovu. Kamera haina haraka. Mtazamaji anahisi kwamba kidole cha mtu mmoja kikicheza tu, wote watakufa. Kisha mifuko inajaa, milango inafungwa, vijana wanaondoka.

Ni hapo ambapo hadithi nyingine yoyote ya aina hii ingeanza kuifuata mifuko. Hii inaiacha. Russell anatumia sehemu yake kununua mzigo wa dawa za kulevya apate kuuza, lakini hilo linasikika zaidi kuliko kuonekana. Sehemu ya Frankie na ya Amato zinayeyuka bila kutajwa sana. Na wenye mchezo nao hawaulizi sana kuhusu mali iliyopotea. Jackie Cogan, muuaji wa kukodiwa anayeigizwa na Pitt, hafiki mpaka wizi umeshakwisha, na anapofika hakuja kutafuta fedha. Kazi aliyoitiwa ni ya aina nyingine kabisa, na hii ndiyo fikra nzuri ambayo watazamaji wengi waliondoka bila kuipata.

Baada ya wizi, michezo yote ya karata mjini imesimama. Wateja wamebaki nyumbani. Hakuna anayetaka kukaa na bahasha ya fedha mahali ambapo kijana yeyote mwenye soksi usoni anaweza kuingia. Hasara kubwa ya genge ni hiyo, kwani kilichobebwa usiku ule ni kidogo ukilinganisha na faida ya kila usiku ambayo haipatikani tena. Ili wateja warudi, lazima waamini kwamba kuna mtu anayesimamia mambo. Ndiyo maana Cogan anashauri Markie auawe, ingawa anaelewa kwamba safari hii Markie hakufanya lolote. Mtaani watu wanaamini ni yeye. Akiachwa hai, wataona kwamba genge linaibiwa na kukaa kimya, na kesho atatokea mwingine. Kosa au usafi wa mtu haviingii katika hesabu hiyo.

Anayeujua mwaka 2008 ataona mara moja kwa nini Dominik aliusogeza wakati. Septemba 15 mwaka huo benki ya Lehman Brothers ya New York iliomba kinga ya kufilisika, na katika wiki zilizofuata mabenki yakaogopa kukopeshana hata kwa usiku mmoja. Oktoba 3 Rais George W. Bush akatia saini sheria iliyotenga dola bilioni 700 za kuyaokoa. Mabenki mengi yalikuwa bado na mali vitabuni. Kilichopotea ni imani, na bila imani noti zinakaa ndani ya sefu kama wacheza karata wa filamu walivyokaa majumbani. Kwa mizani hiyo, mjumbe wa genge, anayeigizwa na Richard Jenkins na asiyepewa jina lolote zaidi ya Dereva, ni afisa wa shirika. Anakutana na Cogan ndani ya gari lililoegeshwa, analalamika kwamba mabosi wake siku hizi hawawezi kuamua jambo bila kikao, na anataka kujua kama kumpiga Markie kutatosha badala ya kumuua, kwa kuwa ni nafuu. Mazungumzo hayo yana ucheshi mkavu. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri saini ya mkuu wa idara ili anunue katriji ya printa atamtambua Dereva.

Fikra ni nzuri. Ila Dominik hakuiamini peke yake. Aliizungushia hotuba. Filamu inaanza na Frankie akitembea kwenye uchafu unaopeperushwa, huku sauti ya Barack Obama ikikatwakatwa kati ya maandishi ya utangulizi. Kuanzia hapo, kila redio ya gari na kila televisheni ya baa iko kwenye taarifa ya habari: Bush anaeleza hatari ya uchumi, wakuu wa fedha wanatetea mpango wao, wagombea wanaahidi. Majambazi wa kweli husikiliza mpira au muziki. Hawa wanasikiliza sera ya fedha kutwa. Mara ya kwanza mlinganisho unagonga vizuri, na mara ya pili mtazamaji anatikisa kichwa kukubali. Kufikia mara ya sita anajisikia kama mwanafunzi aliyeshajibu swali na mwalimu bado anamwandikia jibu ubaoni. Hata baadhi ya wahakiki walioipenda filamu walilalamika juu ya jambo hili, na walikuwa na haki.

Lalamiko la pili la watazamaji lilikuwa maneno mengi. Hilo linahitaji kupimwa taratibu. Cogan ameshawajua wezi halisi, ila hawezi kumuua Amato mwenyewe kwa sababu Amato anamfahamu kwa sura, basi anamwita muuaji mwenzake kutoka New York aitwaye Mickey, anayeigizwa na James Gandolfini. Kwa kanuni za hadithi hizi, muuaji anayeletwa kutoka mbali huwa hatari kuliko wote. Mickey anateremka, anaketi, anaagiza kinywaji, anaagiza kingine. Anaongea juu ya mke anayetaka kumwacha, juu ya kesi ya bunduki inayomngoja, juu ya mwanamke aliyempenda zamani. Siku zinapita yuko chumbani hotelini na makahaba na chupa. Hamuui mtu hata mmoja. Mwishowe Cogan anapanga akamatwe ili asije akawaharibia kazi. Mtu aliyelipa kiingilio apate milio ya risasi anaziona dakika hizo kuwa za kupotezewa muda. Lakini Gandolfini, aliyefariki mwaka uliofuata, mwezi Juni 2013, anaigiza mzigo wa mwili na roho wa mtu ambaye kazi imemla, na kope zake zinaeleza zaidi ya redio zote za filamu hii. Hapa Higgins yumo mzimamzima. Tatizo ni kwamba anafika kwa watu ambao hawakuambiwa wamemwalika.

Na kweli hawakuambiwa. Matangazo yalimweka Pitt mbele na bunduki yake, yakaahidi kisasi na kasi. Watu wakaja wakitarajia stelingi anayehesabu maadui mmoja baada ya mwingine hadi mzigo urudi kwa wenyewe. Risasi zipo, na dakika zote ni 97 tu, chini ya nyingi za aina yake. Ila ukatili umepangwa ili usifurahishe. Markie anapopigwa mvuani anatapika, analia, anaomba, na kipigo kinaendelea baada ya mtu kutosheka. Anapouawa ndani ya gari lake, Dominik anafanya kinyume: risasi, vipande vya kioo na matone ya mvua vinaelea polepole mno, wimbo wa mapenzi wa zamani ukipigwa, mpaka kifo kinakuwa kizuri kama pambo. Tukio hilo limesifiwa sana. Lakini linagombana na lile la mvuani. Kama mwongozaji alitaka watu wachukie walichokiona, amewapa pia sababu ya kukitamani.

Kuhusu kitita kilichosahauliwa, Dominik hakuwa wa kwanza. Katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, karani aitwaye Marion Crane anaiba dola 40,000 za mteja wa mwajiri wake, na kwa nusu saa na zaidi mtazamaji anajiuliza moyoni atakamatwa lini. Kisha Marion anauawa. Fedha, zilizofungwa ndani ya gazeti, zinatupwa kwenye buti ya gari bila muuaji kujua zimo, na gari linazama kwenye kinamasi. Hakuna mtazamaji aliyezidai fedha zile, kwa sababu Hitchcock alipozinyang'anya aliweka papo hapo kitu cha kutisha zaidi mahali pake. Dominik naye alizinyang'anya, ila alichoweka mahali pake ni hoja. Hoja inaweza kumkalisha mtu kitini endapo iko hatarini kushindwa. Ya kwake imeshinda tangu maandishi ya kwanza ya utangulizi, na hakuna mhusika anayeipinga kwa nguvu. Frankie angeweza. Ana woga, ana aibu, anahangaika kujiokoa, na katika filamu nzima ndiye pekee ambaye mtazamaji angependa anusurike. Anaambulia nafasi ndogo, na siku Cogan anapomtumia kumfikia Amato, wote wawili wanaangushwa usiku huohuo karibu bila kutazamwa.

Mauzo yalifuata alama. Mwisho wa wiki ya kwanza filamu ilikusanya takriban dola milioni 6.8 Marekani, kiasi kidogo kwa jina la Pitt, huku Skyfall na sehemu ya mwisho ya Twilight zikiendelea kujaza kumbi. Hadi ilipoondolewa ilikuwa imepata kama milioni 15 nchini humo na karibu milioni 38 duniani kote. Kwa kuwa gharama ya kuitengeneza ilikuwa takriban milioni 15, haikuwa maafa. Ilikuwa aibu tu, na aibu ya sinema husahaulika haraka kuliko deni.

Tukio la mwisho limewekwa usiku wa Novemba 4, 2008, Obama alipochaguliwa kuwa rais. Ni usiku ambao Wakenya wengi waliukesha; Obama alipokuwa akihutubia Chicago, Nairobi ilikuwa saa mbili asubuhi ya Novemba 5, na Rais Mwai Kibaki alitangaza siku iliyofuata kuwa ya mapumziko. Katika baa ya filamu hakuna anayekesha kwa furaha. Televisheni iko juu ya kaunta, hotuba ya ushindi inaendelea, na Cogan amekuja kuchukua ujira wake kwa Dereva. Anapozihesabu anakuta pungufu. Alitaka 15,000 kwa kila kichwa, amelipwa 10,000. Dereva anaeleza kwamba uchumi ni mbaya na bei zimeshuka, hata za kazi hii. Obama anasema taifa ni moja. Cogan anacheka, anamkumbusha Dereva kwamba Thomas Jefferson aliyeandika kuwa watu wote ni sawa alikuwa akimiliki watumwa, na kwamba nchi hii ni biashara na kila mtu yuko peke yake. Kisha anadai salio lake. Picha inakatika kabla haijaonekana kama alilipwa.